Zuhura na Umbali wa Jua

Mtu akitoka nje baada ya sala ya magharibi, katika miezi ambayo Zuhura hukaa upande wa machweo, hana haja ya kuonyeshwa ni ipi. Maana nyota ya pili haijatokeza bado, na wekundu wa jua haujaondoka mbinguni, nayo imekwisha kuwaka peke yake juu ya minazi au juu ya mapaa ya mabati, kwa nuru nyeupe isiyopepesa, kali hata ufuoni pasipo taa, usiku usio na mwezi, huweza kumtupia mtu kivuli hafifu juu ya mchanga. Miezi ikipita huanza kushuka jioni baada ya jioni, hata ikapotea katika mwanga wa jua, na baada ya siku si nyingi ikachomoza mashariki kabla ya adhana ya alfajiri, ikiwa ndiyo ile ile iliyowaaga watu jioni. Wayunani wa zamani walidhani hizo ni nyota mbili, wakazipa majina mawili. Lakini waandishi wa Babeli, zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, walikwisha kuandika juu ya vigae vya udongo siku za kuonekana na za kutoweka kwake kwa muda wa miaka 21, wakajua kwamba ni moja, na kwamba mambo yake hurudi kwa utaratibu baada ya kila miaka minane.

Watabiri wetu, na vitabu vyao vya saa na siku, wameihesabu Zuhura kuwa mwenye kutawala mapenzi na ndoa, na sina nia ya kugombana nao hapa, maana riziki ya mtu ni riziki yake. Ninalotaka kulieleza ni jambo jingine, ambalo kwa maoni yangu ni la ajabu kuliko utabiri wowote: namna sayari hii, kwa kupita mara chache mno mbele ya uso wa jua, ilivyowapa wanadamu kipimo cha kupimia ulimwengu mzima.

Kwanza tutenge nyota na sayari, kwa kuwa wengi huzichanganya. Nyota ni jua. Inawaka kwa nuru yake yenyewe, itokayo katika moto wa ndani ambao humwaga nguvu kwa mamilioni na mamilioni ya miaka, na inaonekana ndogo kwa sababu tu iko mbali kupita kiasi. Sayari haina nuru yake. Ni dunia, kama hii tunayoikanyaga, ikilizunguka jua na kurudisha kwetu sehemu ya mwanga iliyoupokea. Kwa jicho tupu alama ya kuzitofautisha ni mwendo. Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho wakulima wamekiangalia tangu jadi ili wajue majira ya kulima, kilikuwa na umbo hilo hilo machoni mwa babu za babu zetu. Na Msalaba wa Kusini haujawahi kuonekana ukivunjika mkono. Lakini Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali na Utaridi hazina makao. Leo ziko karibu na nyota hii, mwezi ujao ziko karibu na ile, na pengine husimama kisha zikarudi nyuma, jambo lililowasumbua wanafalaki kwa muda wa karne nyingi, hata ilipodhihirika kwamba sisi wenyewe tuko juu ya sayari iendayo mbio, tukiziangalia nyingine ziendazo kwa kasi tofauti.

Ithibati ya kwanza iliyoonekana kwa macho ilitoka kwa Zuhura. Mwishoni mwa mwaka 1610 Galileo aliielekezea darubini yake ndogo, akaona kwamba ina sura kama za mwezi: mara duara kamili na ndogo, mara nusu, mara hilali nyembamba na kubwa. Sura hizo zote haziwezi kupatikana kama Zuhura inaizunguka dunia chini ya jua, kama walivyofundisha wazee wa zamani; zinapatikana kama inalizunguka jua, mara ikiwa upande wa pili wa jua, mara ikiwa upande wetu. Msomaji mwenye darubini ya macho mawili, hata ile ya kutazamia ndege, anaweza kuiona hilali hiyo mwenyewe katika majuma ya mwisho kabla Zuhura haijapotea machweoni, asubiri tu jua lizame kabisa ndipo ainue vioo.

Mpango wa jamaa za jua, basi, ni huu. Karibu zaidi na jua iko Utaridi, kisha Zuhura, kisha dunia yetu pamoja na mwezi wake, kisha Mirihi. Mbele ya Mirihi kuna ukanda wa mawe mengi yasiyopata kuwa sayari. Kisha zinakuja zile kubwa, Mshtarii na Zohali, na baada yao Uranusi, iliyogunduliwa mwaka 1781, na Neptuni, mwaka 1846. Pluto iliongezwa mwaka 1930 na ikashushwa daraja mwaka 2006, na wanaoililia hadi leo wana haki ya kulia, ila hesabu haikubadilika kwa sababu yake.

Ajabu ni kwamba uwiano wa mpango huo ulijulikana mapema sana, ilhali ukubwa wake haukujulikana. Mwaka 1619 Johannes Kepler alitangaza kanuni yake ya tatu, kwamba mraba wa mwaka wa sayari, ukihesabiwa kwa miaka ya dunia, ni sawa na mchemraba wa umbali wake kutoka jua, ukihesabiwa kwa umbali wa dunia. Mshtarii hulizunguka jua kwa muda unaokaribia miaka 12. Chukua miaka hiyo kwa usahihi wake, yaani 11.86, uizidishe kwa nafsi yake, upate 140 na ushei, kisha utafute ni namba gani ikizidishwa kwa nafsi yake mara tatu itatoa hiyo, utapata 5.2, basi Mshtarii iko mbali na jua mara 5.2 kuliko sisi. Kwa njia hiyo Zuhura, ambayo mwaka wake ni siku 225, iko katika sehemu 72 za mia ya umbali wetu. Yote hayo yalikuwa sahihi, lakini ilikuwa ramani kamili iliyokosa kipimo pembeni: kila mji umewekwa mahali pake, na hakuna ajuaye kama toka mji hadi mji ni mwendo wa saa moja au wa mwezi mzima. Ptolemy wa Iskandaria alikuwa amekadiria kwamba umbali wa jua ni nusu vipenyo 1,210 vya dunia, na wanafalaki wa Kiislamu waliomfuata, pamoja na uhodari wao mkubwa katika mambo mengine, walirithi takriban kipimo hicho hicho. Nacho ni sehemu moja ya ishirini tu ya ukweli.

Sababu ya ugumu huo ni rahisi kuifahamu. Inua kidole mbele ya uso, ufumbe jicho la kushoto, kisha ulifumbue na kulifumba la kulia. Utaona kidole kinaruka toka upande hadi upande juu ya ukuta ulio nyuma. Kadiri kidole kilivyo karibu, ndivyo kinavyoruka zaidi, na mwenye kujua nafasi iliyopo baina ya macho yake mawili, na akapima mruko huo, anaweza kuukokotoa umbali wa kidole bila kukigusa. Kwa mwezi kazi hii iliwezekana tangu zamani, kwa kuwaweka watazamaji wawili mahali mbalimbali duniani badala ya macho mawili. Kwa jua haikuwezekana, maana hata tukiyatenga macho hayo kwa nusu kipenyo cha dunia, jua huruka kwa pembe isiyofika sehemu moja ya 400 ya digrii, na juu ya hayo nuru yake huzifuta nyota zote za nyuma ambazo mtu angezitumia kuwa ukuta.

Hapo ndipo Zuhura inapoingia. Kwa kuwa njia yake iko ndani ya njia yetu, kila baada ya siku 584 hupita kati yetu na jua. Na kama njia hizo mbili zingelala sawasawa, kila mara tungeiona ikivuka uso wa jua kama kitone cheusi. Lakini njia ya Zuhura imeinama kwa digrii 3 na nusu hivi, na kwa hiyo aghalabu hupita juu ya jua au chini yake bila kuonekana. Mipito ya kweli huja miwili miwili, ikiachana kwa miaka 8, kisha hupita zaidi ya miaka 100 pasipo mwingine: baada ya mwaka 1631 na 1639 ilikuwa 1761 na 1769, kisha 1874 na 1882, kisha 2004 na 2012. Ule wa 1631 Kepler aliutabiri, akafa kabla haujafika, nao haukuonekana Ulaya. Ule wa 1639 ulionwa, kwa kadiri ijulikanavyo, na watu wawili tu duniani, kijana Jeremiah Horrocks katika kijiji cha kaskazini ya Uingereza, na rafiki yake William Crabtree. Na Horrocks naye akafa mwaka 1641, hajatimiza hata miaka 25.

Aliyeona faida ya jambo hilo ni Edmond Halley, yule ambaye nyota mkia maarufu imepewa jina lake. Mwaka 1716 aliandika kwa Kilatini kuwaita wanafalaki wa kizazi kingine, akijua vyema kwamba yeye hatakuwapo, na hoja yake ilikuwa hii: mtazamaji aliye kaskazini na mtazamaji aliye kusini wataiona Zuhura ikikata uso wa jua kwa mistari miwili isiyolingana, mmoja ukiwa karibu zaidi na katikati ya jua, na kwa hiyo mrefu zaidi, mstari mrefu unachukua muda mrefu, basi haihitajiki kupima pembe ndogo zisizoonekana, inatosha kila mtu awe na darubini na saa nzuri, aandike dakika na sekunde Zuhura ilipoingia na ilipotoka, kisha tofauti ya nyakati hizo itatoa umbali wa Zuhura, na umbali wa Zuhura ukishajulikana, kanuni ya Kepler itatoa umbali wa jua na wa sayari zote kwa mara moja. Sijui hoja yoyote ya kisayansi iliyo nyepesi kuliko hiyo katika kuielewa, wala iliyo nzito kuliko hiyo katika kuitenda.

Uzito wake ulionekana mwaka 1761, kwa kuwa Uingereza na Ufaransa zilikuwa vitani, na bahari yetu hii ya Hindi ilikuwa mojawapo ya viwanja vya vita hivyo. Charles Mason na Jeremiah Dixon walitumwa Sumatra. Merikebu yao ilishambuliwa na Wafaransa siku chache tu baada ya kutoka bandarini, watu 11 wakauawa, na mwishowe hawakufika mbele ya Rasi ya Tumaini Jema, ambako waliuona mpito vizuri. Padri Alexandre Pingré wa Ufaransa alifika kisiwa cha Rodrigues, mashariki ya Morisi, akapata mawingu na mvua mwanzoni na nafasi ya kuona baadaye, kisha Waingereza wakakivamia kisiwa na kumwacha amekwama huko kwa miezi. Lakini mwenye mkasa unaosimuliwa zaidi kuliko wote ni Mfaransa mwingine, Guillaume Le Gentil.

Le Gentil alikuwa mtu wa Normandy, aliyeanza na masomo ya dini akaishia katika falaki. Alitoka Ufaransa Machi 1760, akiagizwa na Chuo cha Sayansi cha Paris aende Pondicherry, mji wa Wafaransa katika pwani ya mashariki ya Bara Hindi, na mwezi Julai akafika Isle de France, ndiyo Morisi ya leo, ambako alikaa miezi akiugua na kungoja chombo. Alipopata merikebu ya vita iliyokuwa ikienda huko, ilikuwa Machi 1761, na msomaji wa pwani atafahamu mara moja maana yake, kwamba ni wakati wa kuingia maleleji, kaskazi imekufa na kusi haijashika. Kwa majuma matano wakatangatanga katika bahari za Afrika, kandokando ya pwani ya Ajani, yaani Somalia, wakapita visiwa vya Sokotra, hata tarehe 24 Mei wakatokea Mahé katika pwani ya Malabari, na huko wakaambiwa kwamba Pondicherry imekwisha kuangukia mikononi mwa Waingereza. Nahodha akageuza chombo. Tarehe 6 Juni 1761 mbingu ilikuwa safi kabisa, na Le Gentil akauona mpito mbele ya macho yake, akiwa juu ya sitaha inayoyumba, pasipo saa ya kutegemewa wala kujua longitudo ya mahali alipo. Akaandika alichokiona, akijua kwamba hakifai kitu.

Mtu mwingine angerudi kwao. Yeye alihesabu kwamba mpito wa pili uko karibu, miaka minane tu, akaamua kuungoja huku huku. Miaka hiyo hakuipoteza bure: alichora pwani ya mashariki ya Bukini, yaani Madagaska, akaandika juu ya pepo na mikondo, na vitabu viwili vikubwa alivyovitoa baada ya kurudi kwao bado vinasomwa na wenye kutafiti habari za bahari hii. Mwaka 1766 alikwenda Manila, akaona kwamba mahali hapo panafaa sana, lakini gavana wa Kihispania alimshuku, na barua kutoka Paris zikamtaka aende Pondicherry, ambayo Wafaransa walikuwa wamerudishiwa. Akafika huko Machi 1768, akajenga chumba cha darubini juu ya magofu ya ngome, na Waingereza wa Madras, waliokuwa adui jana, wakamwazima darubini nzuri. Mwezi wote wa Mei 1769 asubuhi zilikuwa njema. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Juni aliamka saa nane, akasikia bahari inavuma fukweni, akatoka nje, akaona mbingu imejaa mawingu. Ukaja upepo, mawingu yakazidi kufungana, na kwa muda wote Zuhura ilipokuwa usoni mwa jua hakuona kitu. Mpito ulipokwisha jua likatoka na kuwaka mchana kutwa. Huko Manila asubuhi ile haikuwa na wingu.

Yeye mwenyewe ameandika kwamba kwa zaidi ya majuma mawili alishindwa hata kushika kalamu. Akaugua tena, chombo chake cha kwanza cha kurudia kikavunjwavunjwa na tufani, na alipovuka milima ya Pyrenees kuingia Ufaransa, Oktoba 1771, alikuta amehesabiwa maiti, warithi wanataka kugawana mali yake, na kiti chake katika Chuo amepewa mwingine. Wasimuliaji hupenda kuongeza kwamba mkewe alikuwa ameolewa na mtu mwingine. Hilo ni chumvi tu, kwa kuwa hakuwa na mke wakati huo. Alioa baada ya kurudi, akapata binti, akarudishiwa na kiti chake.

Hadithi hiyo hupendwa, na mimi pia naipenda, lakini haki ya kazi ni lazima isemwe: katika umbali wa jua uliopatikana hakuna tarakimu hata moja iliyotoka kwa Le Gentil. Zilitoka kwa watu ambao majina yao hayatajwi sana. William Wales na mwenzake walikaa kipupwe kizima katika ghuba ya Hudson, kaskazini ya Amerika, katika baridi iliyogandisha vinywaji ndani ya nyumba, ili wawe wamekwisha kufika siku ya mpito wa 1769. Chappe d'Auteroche alivuka Meksiko hadi ncha ya kusini ya California, akakuta maradhi ya kuambukiza yameingia kijijini, akakataa kuondoka, akauona mpito wote, na kabla miezi miwili haijatimia akafa pamoja na wengi wa wenzake, na daftari lake likarudishwa Paris. Nahodha James Cook na mwanafalaki Charles Green waliangalia kutoka Tahiti, na ijapokuwa walisimama mahali pamoja, nyakati walizoziandika hazikulingana, kwa kuwa kitone cheusi kilipokuwa kikiachana na ukingo wa jua kilionekana kuvutika na kunata kama tone la wino, asiweze mtu kusema ni sekunde ipi hasa kilipoachana. Dosari hiyo ya tone jeusi iliwapata watazamaji karibu wote, na ndiyo iliyozuia hesabu isiwe kamilifu kama Halley alivyotumaini.

Hata hivyo Thomas Hornsby, mwalimu wa Oxford, alikaa na daftari za mahali patano, Tahiti, California, ghuba ya Hudson, na vituo viwili vya kaskazini ya Ulaya, akapiga hesabu, na mwaka 1771 akatangaza kwamba jua liko mbali nasi maili 93,726,900, yaani yapata kilomita milioni 150.8. Kipimo kinachokubaliwa leo ni kilomita milioni 149.6. Kosa lake halikufika sehemu moja katika mia, na lilipatikana kwa shaba, kioo na saa za pendulamu.

Umbali huo ukishapatikana, mengine yalifuata kwa wepesi. Jua linaloonekana machoni petu kwa upana wa nusu digrii likawa ni tufe lenye kipenyo cha kilomita 1,392,000, ambalo dunia 109 zikipangwa kwa mstari mmoja ndizo zingelikata toka upande hadi upande. Kisha ikawezekana kuzielekea nyota. Kwa kuwa dunia huzunguka jua, mahali tulipo mwezi Januari na mahali tulipo mwezi Julai pameachana kwa karibu kilomita milioni 300, na hayo ni macho mawili yaliyotengana vya kutosha hata kuiona nyota ikiruka kidogo. Friedrich Bessel aliupima mruko wa namna hiyo mwaka 1838, kwa nyota hafifu ya kaskazini. Mwaka uliofuata Thomas Henderson alitoa kipimo chake, kilichotokana na kazi aliyoifanya Rasi ya Tumaini Jema, katika bara letu hili, juu ya nyota ambayo kila mtu wa Afrika Mashariki anaweza kuiona kwa jicho lake.

Nyota hiyo ni rahisi kuitafuta. Katika jioni za mwishoni mwa masika na mwanzoni mwa kusi, Msalaba wa Kusini ukiwa umesimama wima upande wa kusini, tazama kushoto kwake, utaona nyota mbili kali zikiuelekea. Iliyo mbali zaidi na Msalaba, nayo ndiyo kali zaidi ya hizo mbili, ni Rijili Kantori. Nuru ya jua hutufikia kwa dakika 8 na ushei. Nuru ya Rijili Kantori huchukua miaka 4 na zaidi ya theluthi, na umbali wake ni kilomita trilioni 41. Hiyo ni miongoni mwa majirani zetu wa karibu kabisa.

Kuhusu Zuhura yenyewe, darubini hazikuweza kusema mengi, kwa sababu imejifunika mawingu mazito yasiyofunguka. Kwa kuwa kipenyo chake ni kilomita 12,104, na cha dunia ni 12,756, wengi walidhani chini ya mawingu hayo kuna misitu na mvua na pengine mahuluki. Chombo cha Kimarekani Mariner 2 kilipopita karibu nayo Desemba 1962 kililihisi joto lake, na vyombo vya Kisovieti vilivyotua baadaye vikamaliza ubishi. Venera 13, kilichotua Machi 1982, kilitoa picha za miamba ya rangi ya udongo chini ya anga la njano, kikapima joto la digrii 457, ambalo linatosha kuyeyusha risasi, na mgandamizo wa hewa mara 89 kuliko wetu, kisha kikafa baada ya dakika 127. Hewa yake karibu yote ni kaboni dayoksaidi, inayoruhusu mwanga uingie na kuzuia joto lisitoke, na mawingu yake ni ya asidi ya salfa. Siku yake, kwa maana ya muda wa kujipindua mara moja kwa kulinganishwa na nyota, ni siku zetu 243, ndefu kuliko mwaka wake, na inajipindua kinyume, hata aliye huko angeliona jua likichomoza magharibi.

Umbali wa jua hauhitaji tena mpito. Mwaka 1961 mawimbi ya redio yalirushwa kwa Zuhura yakarudi, na muda wa kwenda na kurudi ukatoa kipimo bora kuliko safari zote za zamani. Na mwaka 2012 wanafalaki wa dunia walikubaliana kuuweka umbali wa wastani wa dunia na jua kuwa mita 149,597,870,700, pasipo kuongeza wala kupunguza. Lakini mpito wa tarehe 8 Juni 2004, ambao ulionekana Afrika Mashariki tangu mwanzo hadi mwisho, toka asubuhi hadi adhuhuri kupita, ulistahili kutazamwa kwa ajili ya hao waliotangulia, na vivyo hivyo ule wa tarehe 6 Juni 2012, uliomalizikia machoni petu mara baada ya macheo. Aliyeyakosa hayo anaweza kuutazama mpito wa Utaridi, ambao huja mara nyingi zaidi, ijapokuwa kitone chake ni kidogo mno na huhitaji darubini. Na hapo asilitazame jua moja kwa moja, wala kwa jicho tupu wala kwa vioo, maana jicho huungua pasipo kuuma, bali aiache darubini imwage taswira ya jua juu ya karatasi nyeupe iliyowekwa nyuma yake, aitazame karatasi.

Zuhura itapita tena mbele ya jua tarehe 11 Desemba 2117 kwa saa za Afrika Mashariki, na siku hiyo jua litakapochomoza juu ya Bahari ya Hindi, mpito utakuwa umekwisha kuanza.